Je, Wajua? Bloku ya 4A Ikiwa Tupu Mezani

Corolla za miaka ya 90 zimejaa mitaani kwetu, na kila gereji ina kijana anayetaka kuiongezea nguvu injini yake ya kwanza. Wengi huanza na ekzosi na filta ya hewa kwa sababu ndivyo vinavyoonekana na kusikika. Mimi nasema anza na bloku. Ivue kila kitu, iweke mezani, uijue. Haya yafuatayo yatakupa sababu.

Je, wajua kwamba jina la injini ya Toyota ni maelezo kamili? Chukua 4A-GZE. A ni ukoo. 4 ni zao la nne katika ukoo huo. G ni hedi ya kamshafti mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu, Z ni supachaja, na E ni mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme. Corolla nyingi za hapa kwetu zina herufi F mahali pa G: nazo zina kamshafti mbili, lakini vali zake zimesimama karibu karibu kwa pembe ndogo, hedi ikilenga kubana matumizi ya mafuta.

Je, wajua 4A na 5A ni ndugu wa kufanana hata kudanganyana? Zote mbili pistoni husafiri milimita 77. Tundu la silinda ya 4A ni milimita 81, la 5A ni 78.7. Basi 4A inatoka na cc 1587, 5A na cc 1498. Ndugu yao mkubwa, 7A, ana tundu lile lile la 81 lakini mwendo wa milimita 85.5, ndiyo maana anafika cc 1762. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, usisome stika wala kifuniko cha vali. Vitu hivyo huhamishwa kutoka injini moja kwenda nyingine kwa dakika chache. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku.

Je, wajua unaweza kuitambua bloku madhubuti ya 4A-GE kwa kuhesabu mbavu? Upande wa nyuma wa bloku za mwanzo una mbavu tatu za kuipa uimara. Zilizofuata, kuanzia karibu mwaka 1987, zina saba. Zile za mwanzo shingo za kranki zinazoshika konrodi ni milimita 40 na pini za pistoni ni 18. Za mbavu saba zenye kranki nene ni 42 na 20. Milimita mbili tu, lakini ndizo zinazobeba injini inapozunguka kwa kasi.

Je, wajua Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mwaka 1974 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, na kumwacha Björn Waldegård wa Porsche 911 nafasi ya pili? Mwaka 1976 akashinda tena kwa Lancer. Bloku ya gari lile ilikuwa ya chuma cha kumimina, silinda nne, cc 1597. Imezidi 4A yako kwa cc 10. Mtu akikuambia injini ndogo haifai kujengwa, mpe mfano huo.

Na je, wajua bloku iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya? Mwaka 1983 Nelson Piquet alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 akiendesha Brabham yenye injini ya BMW ya silinda nne, cc 1500, yenye turbo. Bloku yake ilitokana na ile ya magari ya kawaida ya barabarani, na mafundi walizipenda zile zilizokwisha kutembea maelfu ya kilomita. Chuma kikimiminwa kwenye kalibu hupoa bila usawa, na ndani yake hubaki mivutano. Joto na baridi za miaka mingi huilegeza mivutano hiyo, bloku ikatulia na umbo lake. Ukiichonga baada ya hapo, kipimo hakihami. Kwa hiyo usiionee haya bloku ya mtumba.

Je, wajua chuma cha bloku hujilainisha chenyewe? Ndani yake mna vipande vyembamba vya grafaiti, kaboni ile ile iliyomo ndani ya penseli. Vipande hivyo hupunguza msuguano na kuacha vijishimo vya kutunzia oili. Hiyo ni sababu kubwa ya pistoni kuweza kusugua ukuta huo mamilioni ya mara bila kukwama.

Je, wajua ufa wa bloku unaweza kuonekana kwa mafuta ya taa na chaki? Reli za zamani zilipima ekseli za treni kwa njia ya namna hiyo. Safisha eneo unalolitilia shaka, hasa kati ya silinda na silinda na kuzunguka matundu ya bolti za hedi. Paka mafuta ya taa, yaache yapenye, kisha pangusa mpaka pakauke kabisa. Nyunyiza unga wa chaki. Subiri. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mstari mwembamba kama uzi, lakini ukiuona umeokoa pesa zote ambazo ungezitia humo. Karakana zenye vifaa hutumia sumaku na unga wa chuma. Unga hujikusanya juu ya ufa. Njia ya sumaku hufanya kazi kwa bloku ya chuma tu. Bloku ya alumini hutafutiwa ufa kwa rangi maalumu.

Je, wajua silinda iliyochakaa si duara, wala si bomba lililonyooka? Pitisha ukucha ndani ya silinda kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo utakwama kwenye kingo ndogo. Kile ndicho kipimo cha zamani, sehemu ambayo ringi haifiki. Chini yake tu ndipo pameliwa zaidi, kwa sababu pale moto ni mkali, shinikizo la mlipuko linaisukuma ringi ukutani kwa nguvu zote, na oili inayofika ni kidogo. Tena silinda huliwa zaidi upande ambao konrodi inaisukumia pistoni wakati wa mlipuko. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Pima juu, katikati na chini. Na kila mahali pima mara mbili, kwa urefu wa bloku na kwa upana wake. Silinda nne, vipimo 24. Viandike kwenye karatasi. Fundi anayechungulia ndani, akapapasa kwa kidole na kukuambia “hii bado nzima”, mshukuru kwa heshima kisha umtafute mwenye geji.

Je, wajua jua la Dar linaweza kukudanganya kipimo? Chuma hutanuka. Tundu la milimita 81 kwenye bloku iliyoachwa uwanjani mpaka ikafika nyuzi 50 huwa limepanuka kwa takriban milimita 0.027 kuliko likiwa nyuzi 20. Nafasi yote kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache za mia za milimita. Bloku, pistoni na mikromita vilale chumba kimoja usiku kucha, upime asubuhi.

Je, wajua kuchonga silinda hakuleti nguvu kama watu wanavyodhani? Piga hesabu. Kutoka 81 kwenda 81.5, yaani ile ovasaizi 50 inayouzwa madukani, injini inatoka cc 1587 na kufika 1607. Ongezeko la cc 20, kama asilimia moja na robo. Hutalisikia kwa mguu. Faida ya kuchonga ni kurudisha duara na ukuta ulionyooka, ili ringi izibe. Injini yenye silinda za kipimo cha kiwandani zilizo duara kamili itaishinda yenye ovasaizi kubwa iliyochongwa ovyo, na itadumu. Tena kila unapochonga, ukuta unapungua na hakuna wa kukurudishia. Chonga kidogo kabisa kinachotosha kuondoa uchakavu.

Nunua pistoni kwanza, halafu ndiyo upeleke bloku. Zipeleke pamoja. Pistoni nne za boksi moja zinaweza kupishana kidogo, na fundi mzuri hupima kila moja, akaandika 1, 2, 3, 4, akachonga kila silinda kulingana na pistoni yake.

Je, wajua pistoni zilizofuliwa, zile ngumu za mashindano, zinaweza kuhitaji nafasi kubwa kuliko za kiwandani? Siri ni silikoni. Aloi inayoitwa 4032 ina silikoni asilimia 12 hivi, na haitanuki sana ikipata joto. Aloi ya 2618 haina silikoni ya maana. Ni ngumu kupasuka, lakini hutanuka zaidi, na injini ikiwa baridi utaisikia pistoni ikigongagonga ukutani mpaka ipate moto. Kwa gari la kwanza la mtu anayeliendesha pia kwenda kazini, ningechagua 4032. Nafasi ifuate karatasi ya mtengenezaji wa pistoni, hata kama fundi ana kipimo chake cha mazoea.

Je, wajua kufunga hedi huipinda silinda? Bolti za hedi zikikazwa, huivuta bloku kwa nguvu kubwa kiasi cha kuutoa mdomo wa silinda kwenye duara kwa sehemu za mia za milimita. Ukiichonga ikiwa wazi, duara, kisha ukafunga hedi, duara lile limeharibika na hujui. Karakana za mashindano hufunga kipande kinene cha chuma mahali pa hedi, pamoja na gasketi, wakakikaza kwa nguvu ile ile, ndipo wakasugua silinda. Silinda inakuwa duara pale inapohitajika kuwa duara, yaani injini ikiwa imefungwa. Uliza kama karakana yako ina kipande hicho cha injini yako. Wasipokuwa nacho dunia haiishi, lakini ukikipata, kilipie.

Je, wajua silinda iliyong'aa kama kioo ni mbovu? Ukuta unatakiwa uwe na mikwaruzo myembamba inayopishana kama mkeka, kwa pembe ya kama nyuzi 45. Mikwaruzo hiyo huachwa na mawe ya kusugulia, kazi ambayo mafundi huiita honingi, na ndimo oili inamokaa. Ringi mpya hujisaga juu ya ncha za mikwaruzo hiyo katika saa za mwanzo za injini mpaka zikaelewana. Ukuta ukiwa laini mno, ringi hazikai, na gari litakula oili tangu siku ya kwanza.

Je, wajua kuna kazi moja isiyohitaji mashine wala fundi, nayo inaokoa injini kuliko zote? Kuosha.

Hapa nitakaa kidogo, maana hili liliniuma. Bloku yangu ya kwanza ilirudi kutoka karakana ikiwa inang'aa. Nikaipiga petroli kwa brashi ya rangi, nikaipuliza kwa kompresa, nikafunga injini kwa furaha. Siku ya nne nilikuwa kwenye foleni, taa ya oili ikawaka. Nilipofika nyumbani injini ilikuwa inagonga. Tulipofungua sampu, metali za konrodi zote nne zilikuwa na mistari kama iliyochorwa kwa msumari, na kranki ilikuwa imeumia. Mchanga wa mawe ya kusugulia ulikuwa umebaki ndani ya njia za oili. Karakana haikusafisha, na mimi nilidhani imesafisha.

Petroli huondoa grisi lakini huuacha mchanga umekaa pale pale, ndani ya mikwaruzo. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Toa kwanza vizibo vya njia za oili, vile vidogo vilivyokazwa mwanzo na mwisho wa njia. Bila kuvitoa unajidanganya. Kisha tafuta brashi ndefu nyembamba, kama ya kusafishia chupa, upitishe katika kila tundu: njia kuu inayokwenda kwa urefu wa bloku, zile tano zinazoshuka kwenye beringi za kranki, na ile inayopanda kwenye hedi. Sugua silinda kwa mapovu mazito. Suuza kwa maji mengi.

Halafu fanya kipimo cha kitambaa cheupe. Kitie oili nyepesi kidogo, kifute silinda, ukitazame. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo na bloku yangu ya pili, kitambaa kilitoka na rangi ya kijivu kama majivu ya mkaa, kwenye silinda niliyoamini kwa macho kuwa safi. Nikaosha tena. Kijivu. Nikaosha tena. Mara ya sita kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Injini ile bado inatembea.

Kuwa na oili mkononi kabla hujamwaga maji ya mwisho. Chuma kilichooshwa hakina kinga yoyote, na kwa unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja kutu nyekundu huanza ndani ya dakika chache. Kausha kwa kompresa, paka oili mara moja, funika kwa mfuko safi wa nailoni.

Je, wajua vile vizibo vya mviringo ubavuni mwa bloku havikuwekwa kuzuia barafu, ingawa Wazungu wengi huviita hivyo? Bloku ikimiminwa, njia za maji hutengenezwa kwa kuweka mchanga ndani ya kalibu. Chuma kikishaganda, mchanga huo lazima utolewe, na matundu yale ndiyo mlango wake. Vitoe vyote. Injini zilizonyweshwa maji ya bomba kwa miaka huwa na tope la kutu nyuma yake, mara nyingi zaidi kwenye silinda ya mwisho. Vizibo vipya ni bei ndogo sana.

Je, wajua tone la oili linaweza kupasua bloku? Matundu mengi ya bolti hayatokei upande wa pili. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikishuka hayana pa kwenda, na kimiminika hakibanwi. Bolti inakuwa pistoni, chuma kinapasuka. Puliza kila tundu. Kusafisha nyuzi, tumia tepu ya kusafishia, ile isiyokata. Tepu ya kukatia nyuzi mpya hula chuma kizima na kulegeza mshiko wa bolti.

Je, wajua unapokaza bolti kwa toki renchi, karibu asilimia 90 ya nguvu yako hupotea kwenye msuguano? Karibu nusu huishia chini ya kichwa cha bolti, sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye nyuzi, na takriban asilimia 10 tu ndiyo inayobana. Fikiria sasa bolti yenye kutu kidogo au vumbi. Toki renchi italia, nawe utaamini imekaza, kumbe umekaza kutu. Nyuzi ziwe safi, na ulainishaji uwe ule ule uliotajwa na kitabu cha kiwanda au mtengenezaji wa bolti, bila kubahatisha.

Kepu tano za kranki hazibadilishani nafasi. Zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku hiyo hiyo, kwa pitio moja. Namba zake na mishale inayotazama mbele vipo kwa sababu hiyo. Ukichanganya mbili tu, kranki itakataa kuzunguka, au mbaya zaidi, itazunguka kwa kubanwa.

Je, wajua kranki haigusi metali zake injini inapotembea? Inaelea. Oili huvutwa na mzunguko wa shingo, ikajikunja kuwa kabari nyembamba na kuinyanyua kranki nzima pamoja na nguvu za milipuko. Shingo kubwa za 4A ni milimita 48, na kanuni ya mafundi wengi ni nafasi ya sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani isiyozidi 0.05 hivi. Unywele wa kichwa chako waweza kuwa mnene kuliko hapo. Kuipima nafasi hiyo kuna uzi laini wa plastiki: unaukata kipande, unaulaza juu ya shingo kavu, unafunga kepu kwa nguvu kamili bila kuzungusha kranki, kisha unafungua. Uzi umepondeka. Upana wake unaulinganisha na kipimo kilichochapishwa kwenye karatasi yake. Uzi ulioenea sana ni nafasi ndogo. Uliobaki mwembamba ni nafasi kubwa. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, shingo imepinda au imeliwa, na hapo rudi kwa fundi wa mashine.

Metali yenye tundu na mfereji hukaa upande wa bloku, tundu likielekeana na njia ya oili. Wapo waliozigeuza. Injini hizo hazikufika mbali.

Uso laini wa metali una historia ndefu: Mmarekani Isaac Babbitt alibuni aloi laini ya beringi mwaka 1839. Ulaini wake ni wa makusudi. Chembe ya uchafu ikipita, huzama ndani ya metali badala ya kuikwaruza kranki. Lakini uso huo ni mwembamba mno, na chembe zikiwa nyingi hauna pa kuziweka.

Je, wajua ringi ni lazima iwe na pengo, na pengo dogo mno ni hatari kuliko kubwa? Mzingo wa ringi ya 4A ni milimita 254 hivi. Ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya ukuta, hurefuka kwa karibu milimita 0.28. Pengo likiwa pungufu ya hapo, ncha mbili hukutana, ringi haina pa kwenda, inaukwaruza ukuta au kuivunja pistoni. Kwa injini isiyo na turbo wengi huanzia milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za tundu, ambayo kwa 81 ni 0.32. Ya turbo huhitaji zaidi. Ingiza ringi ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha pitisha fila geji kwenye pengo. Ukihitaji kusaga, saga ncha moja tu, kwa tupa laini, kutoka nje kwenda ndani, mipigo mitatu halafu upime. Ni kazi ya polepole, ya kukaa kwenye kigoda na redio ikizungumza. Mimi huipenda kuliko zote.

Je, wajua pistoni ya 4A ikiwa mizunguko 7000 kwa dakika husimama kabisa mara 233 kwa sekunde moja? Kila inapofika juu, konrodi huishika isiruke. Pistoni yenye gramu 300 huivuta konrodi wakati huo kama mzigo wa zaidi ya kilo 800. Ukipandisha kasi mara mbili, mzigo hupanda mara nne. Ndiyo maana bolti za konrodi ni kitu cha kwanza kununua kipya, kabla ya kamshafti kali.

Je, wajua kupunguza uso wa bloku kwa nusu milimita huongeza mbano? Silinda moja ya 4A ina cc 396.8. Kama mbano wako ni 10 kwa 1, chumba cha moto ni cc 44 hivi. Nusu milimita huondoa karibu cc 2.6, na mbano unafika kama 10.6. Lakini sasa vali ziko karibu zaidi na pistoni, na taimingi belti imelegea kidogo, hivyo kamshafti zimesogea nje ya alama. Anayeanza apunguze kiasi cha kunyoosha uso tu. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya bloku, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, ujaribu kupitisha fila geji ya 0.05. Ikipita, uso unahitaji mashine.

Na je, wajua pampu ya oili ya 4A, iliyo mbele ya bloku na kuzungushwa na kranki yenyewe, haiwezi kuvuta vizuri ikiwa kavu? Ijaze oili nzito wakati wa kuifunga. Siku ya kuwasha, acha plagi zote nje ili kranki izunguke bila kubanwa, katiza umeme wa plagi na wa petroli, fungua kifuniko cha vali, umwombe mwenzako apige stata kwa vipindi vya sekunde chache huku akiipumzisha. Wewe inamia hedi na tochi. Mwanzoni utasikia kranki tu. Kisha taa ya oili kwenye dashibodi itazima, na baada ya muda utaona oili safi ya rangi ya asali ikichomoza kwenye beringi za kamshafti, imetoka sampu, imepita kila njia uliyoisugua kwa brashi, imepanda mpaka juu. Hapo rudisha plagi.